Kula sikukuu Mombasa bila kurudi bara na kilo za ziada

Dada, umeuliza ufanyeje kwa kuwa unakuja kufunga mwaka Mombasa kwa mavyaa yako, tangu kabla ya Krismasi hadi shule zifunguliwe Januari, nawe unahofia kurudi nguo zikikubana, na wakati huohuo hutaki kumkosea mwenyeji kwa kukataa chakula chake. Mimi ni mkaazi wa hapa, na kila Disemba nyumba yetu hujaa jamaa kutoka bara, kwa hiyo nitakujibu kwa ninayoyaona mezani.

Siku yenyewe ya sikukuu isikutie hofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la New England Journal of Medicine, uliowafuata watu wazima 195 nchini Marekani, ulionyesha kwamba uzito ulioongezeka msimu wa sikukuu ulikuwa wastani wa gramu 370 hivi tu, lakini haukuondoka miezi iliyofuata. Kwa rai yangu, sahani moja ya biriani haimharibii mtu mwili. Kinachomharibia ni zile siku za katikati ambazo hakuna anayezihesabu, pale asubuhi inapoanza kwa mahamri na mbaazi za nazi, saa nne zikaja sambusa kwa ajili ya mgeni aliyepita kusalimia, mchana kikapashwa kiporo cha pilau, na alasiri ikawa chai ya maziwa na kaimati.

Katika yote hayo, mimi ningeanza na vinywaji, kwa sababu mwenyeji huumia ukikataa wali wake lakini hana neno ukiomba maji. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 huwa na sukari ya takriban gramu 30, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Sharubati ya ukwaju au ya embe iliyotengenezwa nyumbani nayo haisalimiki, maana mkono wa Pwani katika kutia sukari si mwepesi. Disemba ni msimu wa maembe, na boribo lililokatwa vipande hushibisha kuliko lililosagwa na kuchujwa. Dafu lina sukari yake, ila ni kidogo sana ukilinganisha na soda, na kwa joto la kaskazi linafaa. Kahawa chungu kunywa bila wasiwasi. Ihesabu ile halua inayoandamana nayo.

Harusi pia ni nyingi wakati huu, na huko chakula huletwa kwenye sinia, watu wanne au watano wakalizunguka. Hapo huna sahani ya kujipimia, na mtu hujikuta anakula kwa kasi ya wenzake. Kuinuka mapema huonekana kama kususa, lakini tonge ndogo za polepole hazimkosei yeyote, na adabu yenyewe inataka kila mmoja ale upande wake. Anza na kachumbari na nyama, kisha wali. Ukiweza, keti na kina bibi, ambao huzungumza zaidi ya wanavyokula. Wasichana humaliza sinia kabla bismillahi haijakauka mdomoni.

Nyumbani, kumbuka kwamba gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na ya wanga au protini ina 4, ndiyo maana mchuzi wa kasimile, yaani tui zito la nazi, na vitu vya kukaanga hubeba mengi kuliko vinavyoonekana. Sikushauri umfundishe mavyaa yako kupika bila kasimile. Huo ni ugomvi wa bure. Jitolee wewe kwenda sokoni, urudi na mchicha na samaki wa kuchoma kwa ndimu, na hakuna atakayelalamika.

Wali uliobaki usikae mezani zaidi ya muda wa saa mbili, kwa sababu katika joto hili vijidudu vyake vinaweza kutoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto. Uweke kwenye friji katika vyombo vidogo ili upoe haraka, au ugawe kwa majirani siku ileile, jambo ambalo pia linakupunguzia kiporo cha kesho.

Kutembea mchana hapa ni kujitesa. Toka baada ya alfajiri ukapunge upepo wa bahari kwenye bustani ya ufukweni ya Mama Ngina. Jioni napo pazuri, lakini wauza mihogo na viazi karai wamekwisha kujipanga.

Mwisho, jipime. Katika jaribio lililofanywa Uingereza na kuchapishwa na jarida la BMJ mwaka 2018, watu walioshauriwa kujipima angalau mara mbili kwa wiki, pamoja na kupewa maelekezo ya kula, walimaliza Krismasi wakiwa na uzito pungufu kwa takriban nusu kilo kuliko wenzao. Tumia mizani ileile, asubuhi kabla ya chai. Uzito wa siku moja hupanda na kushuka kwa chumvi na maji tu, basi ukiona umepanda mara mbili mfululizo, acha vitafunio vya alasiri wiki hiyohiyo, usingoje Januari.