Uliza Fundi: Kibao cha grafaiti kimeng'oka mpini, nibandike na gundi gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Sakina hapa Arusha, natengeneza shanga za chupa kwa tochi ya gesi, nauzia maduka ya watalii mjini. Nina kibao changu cha grafaiti, kile cheusi cha kuviringishia na kubapiza shanga ikiwa bado laini, nililetewa na mgeni kutoka Marekani na hapa sijawahi kukiona dukani. Juzi kimeponyoka kikadondoka kwenye sakafu ya simenti, mpini umechomoka wote na kachuma kake, na kona moja imemeguka kipande kama ukucha wa kidole gumba. Nikaweka supaglu, kikashika, nikafanya shanga tatu tu kikaanza kucheza halafu harufu ikanipanda kichwani mpaka nikatoka nje. Sasa duka moja wananiambia kuna gundi inayohimili moto, bei yake imesimama kweli kweli na nikiuliza inafika digrii ngapi muuzaji ananiambia "inavumilia mama, we chukua tu". Nichukue? (Mama Shanga, Sakina)

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa kibao. Usichukue kwanza.

Supaglu inaanza kulegea kwenye digrii kama 80, yaani hata chai inayochemka inaishinda. Ile epoksi ya tyubu mbili za kuchanganya, ya kawaida, nayo ni hapo hapo au chini kidogo. Ile yenye unga wa chuma ndani ukisoma pakiti yake utakuta inafika 260 hivi. Silikoni nyekundu ya gasketi inayouzwa maduka ya spea inafika karibu 300 lakini ni laini kama raba, mpini utakuwa unayumba kama jino la mtoto. Sasa wewe glasi ya chupa hailainiki mpaka ipite 700, na kibao chako kinaigusa moja kwa moja, na grafaiti inasafirisha joto haraka sana, ukigusa upande huu dakika chache tu nyuma kwenye mpini tayari kuna moto. Kwa hiyo gundi yeyote ya aina hizo ukiiweka kwenye shimo la mpini unajidanganya, mimi mwenyewe nilishafanya hivyo miaka ya nyuma nikiwa karakana moja Moshi, nikabandika kwa epoksi nikajiona mjanja, kazi ya pili tu kibao kikadondoka na shanga ya bluu ikiwa imekaa juu yake, vyote viwili vikaangukia kiatu. Kiatu nilitupa.

Gundi inayohimili kweli ni ile wanayoita simenti ya moto, ya kuzibia majiko na tanuri, au dawa ya kuziba ekzosi ya gari ambayo ni jamii hiyo hiyo. Zote kinachoshika ndani ni sodiamu silikati, ndugu wa damu wa kioo chako maana vyote vimetoka kwenye mchanga na magadi, na zinafika digrii 1000 bila kelele. Ila zina tabia mbili mbaya. Zikikauka zinakuwa ngumu na kavu kama biskuti, ukivuta zinakatika. Halafu chuma kikipata moto kinatanuka zaidi ya grafaiti, mara mbili na kuendelea, kwa hiyo ukitegemea gundi peke yake ishike vitu viwili visivyotanuka sawa itapasuka tu, siku yeyote. Ndio maana nakwambia kazi ya kushika mpe boliti, gundi iwe ya kujazia nafasi.

Fanya hivi. Ng'oa supaglu yote, asetoni ya kutolea rangi ya kucha inaiyeyusha, ila hiyo inashika moto kwa hiyo tochi iwe imezimwa na uwe nje. Kisha tafuta fundi mwenye drili na tepu ya kukatia uzi, mtaa wa Unga Limited hapo Arusha hukosi, mwambie atoboe kwa biti ya mm 5 halafu akate uzi wa boliti ya M6, yaani ya mm 6, kina cha sentimita mbili hivi kama unene unaruhusu, asitokeze upande wa pili. Grafaiti ni laini kama penseli, kwa kweli ndiyo hiyo hiyo ya ndani ya penseli, kwa hiyo chalii asije akakandamiza kama anatoboa chesisi, itapasuka mkononi. Na vumbi lake linapitisha umeme, msitobolee karibu na redio au chaja au greinda iliyo wazi, na avae barakoa. (Wachimbaji wa tanzanite kule Mirerani wanaujua weusi huu, mwamba wenye tanzanite una grafaiti ndani yake, ndio maana wanatoka shimoni wanang'aa kama masufuria.)

Paka simenti ya moto kidogo kwenye uzi wa boliti, kaza kwa mkono tu, spana weka pembeni. Acha boliti itokeze sentimita kumi ndipo uvalishe mbao, ili mkono ukae mbali. Acha siku nzima ikauke. Siku ya pili kiweke jirani na jiko la mkaa, sio juu yake, kiote taratibu saa mbili tatu, maana ukikiingiza kwenye moto ghafla maji yaliyobaki yanachemka na simenti inaumuka kama andazi, inabaki mapovu matupu.

Kile kipande kilichomeguka kitupe. Uso wa kibao hauwekwi gundi ya aina yeyote, glasi inaipenda grafaiti kwa sababu haigandi hapo, ikikuta mstari wa gundi itaganda na kila shanga itatoka na kovu. Chukua msasa laini uulaze juu ya kipande cha kioo cha dirisha, sugua kona mpaka iwe mviringo, umepata kona ya kuchorea mifereji. Na usikishikilie ndani ya mwali, grafaiti ikipita digrii 500 hewani inaliwa polepole.

Kwa sasa, wakati unasubiri, kisu cha mezani cha stenlesi kinabapiza shanga vizuri, ukiona kimepata moto kiache kipoe maana kikizidi glasi inaking'ang'ania. Wapuliza glasi wakubwa wanatumia hata gazeti lililolowa, limekunjwa nene kiganjani, mvuke unazuia lisiungue haraka. Gazeti lakini, karatasi ya jarida letu inang'aa mno.

SWALI: Fundi mambo, niko Pasua Moshi. Bomba langu la kupulizia glasi lina ufa karibu na mdomo wa moto, ni bomba la maji la GI. Simenti ya moto itaziba? (Kijana wa Pasua)

JIBU: Poa. Hapana, na hilo bomba liache leo. GI imepakwa zinki, ukiichoma moto mkali inatoa moshi mweupe ukiuvuta unalala na homa na baridi usiku kucha, na wewe mdomo uko upande wa pili! Tafuta bomba la stenlesi, hata la skrepa, fundi wa welding akulainishie mdomo.