Nipa ya Bibi

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama makosa yasiyo na mwathirika yaondolewe kwenye sheria. Nilitaka kujibu "ndiyo" nikaendelee na kazi zangu. Nimeshindwa, kwa sababu bibi yangu alilala mahabusu siku tatu kwa kosa la namna hiyo.

Sisi ni watu wa Newala, mkoani Mtwara. Aliyekulia Kusini anajua: korosho ikienda chama cha msingi cha ushirika, mabibo, yale matunda laini yake, hubaki chini ya mkorosho. Ukiyaanika unapata kochoko, na kochoko inakaa hadi msimu mwingine. Bibi aliiloweka, akapika nipa. Gongo hiyo, ambayo sheria ya 1966 inaiita "moshi", ndiyo iliyoninunulia madaftari. Na alikuwa makini. Matone ya kwanza aliyamwaga, hakumuuzia mtu. Kisha alitia kidogo kwenye kisahani, akawasha kiberiti. Mpaka moto uwe wa bluu ndipo alipojaza chupa.

Julai 2011, nikiwa darasa la sita, walikuja alfajiri, polisi wawili na mgambo mmoja. Walimwaga mapipa mawili uani, wakang'oa mrija wa shaba uwe kidhibiti. Bibi hakubisha. Aliomba tu abadilishe khanga, maana ile aliyovaa ilikuwa imelowa kochoko. Wakamkatalia. Nikaingia ndani nikaichukua kavu, nikawafuata mbio hadi barabarani. Gari liliondoka, nami nimebaki na khanga mkononi. Siku tatu hakuna aliyekaa uani, kwa ile harufu.

Faini ilikuwa shilingi 150,000. Mjomba alimwendea mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, akamuuzia korosho zetu zikiwa bado maua, kilo kwa shilingi mia nne. Oktoba tukaokota korosho za mtu mwingine kwenye shamba letu wenyewe. Kangomba nayo ni kosa, na yule bwana hakuguswa. Kwa hiyo mwathirika nilimwona kwa macho yangu: alikuwa Bibi, na aliyemuumiza ni faini.

Nasema basi, halalisheni. Lakini si kama Kenya, ambako mwaka 2010 chang'aa, gongo ya kwao, iliruhusiwa kwa leseni na chupa ya kioo. Bibi angezitoa wapi hizo? Afadhali Uganda: tangu miaka ya 1960 mpishi mwenye leseni aliweza kuuza enguli, gongo ya huko, kiwandani. Hilo Bibi angeliweza.

Nilidhani nitaishia hapo. Ila nina mdogo wangu, ana watoto watatu, na hela ya korosho ya mwaka jana haikufika nyumbani, aliinywea nipa. Shemeji yangu, mkewe, hajawahi kwenda polisi kulalamika, na nadhani ndiyo maana mnasema hakuna mwathirika. Mwezi uliopita nilimpigia simu mwenyekiti wa kitongoji, nikamwomba amfungie biashara mama anayemuuzia mdogo wangu. Mama huyo ni mjane, analea wajukuu. Nilijua hayo kabla sijapiga.

Kwa hiyo kupika kusiwe kosa. Kumuuzia mtu aliyekwisha lewa, au anayelipa kwa gunia la korosho la nyumbani kwake, hilo libaki kosa, hata muuzaji akiwa bibi yangu. Faini nayo iwe ndogo, ilipwe kidogo kidogo, asije mtu akauza maua ya mikorosho.