Uwiano wa 2:3 si theluthi mbili ya fedha yote

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma Kidato cha Pili huku Kongwa. Tumepewa swali: ndugu wawili wameuza alizeti, wamepata faida ya sh. 450,000, na wanagawana kwa uwiano wa 2:3, mkubwa kwa mdogo. Twisheni tumeambiwa 2:3 ndiyo 2/3, kwa hiyo mkubwa anapata 300,000. Kitabu kinasema 180,000. Je, kitabu kimekosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kitabu kiko sahihi. Ulipopata 300,000 ungejiuliza mdogo kabakiwa na ngapi: 150,000. Mwenye mafungu matatu anapataje nusu ya mwenye mawili? Hapo ungeifuta hesabu hiyo hata kabla ya kufungua kurasa za majibu.

Kosa hili nalisahihisha kila muhula, na linanichosha kwa sababu linafundishwa. 2:3 inalinganisha fungu na fungu. Ukitaka kujua mkubwa anachukua sehemu gani ya fedha yote, asili, yaani namba ya chini ya sehemu, ni jumla ya mafungu: 5. Fungu moja ni 450,000 ÷ 5 = 90,000. Mkubwa 180,000, mdogo 270,000. Na ile 2/3 ipo, ila si pale ulipoiweka: 180,000 ni theluthi mbili ya 270,000, fedha ya mdogo. Kwa hiyo kila ukiandika sehemu, malizia: theluthi mbili ya nini?

Vipimo navyo viwe vya aina moja. Sentimita 40 kwa mita 2 ni 1:5, wala si 20:1. Hapa hata watu wazima wanateleza. Nenda penye ujenzi wowote hapa Dodoma, utasikia zege ni 1:2:4, kisha utaona mfuko mmoja wa simenti, toroli mbili za mchanga, toroli nne za kokoto. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Toroli iliyojaa inazidi hapo kwa mbali. Namba ni zilezile, lakini simenti iliyoingia ni pungufu, na mwenye nyumba analipia 1:2:4 asiyoipata.

Sasa hao wa twisheni. Wapo wanaofundisha vizuri, siwagusi. Nawasema wanaouza karatasi za “mbinu za mkato” pale kwenye vibanda vya fotokopi, ambazo kila swali la uwiano dawa yake ni moja: zidisha mshazari, yaani namba ya juu ya upande mmoja mara ya chini ya upande wa pili. Wape hili: vibarua 6 wanachuma shamba la zabibu kwa siku 4, vibarua 12, kasi ileile, watachukua siku ngapi? Mkato unaandika 6/4 = 12/x na kutoa siku 8. Yaani umeongeza watu, kazi imechelewa! Jibu ni siku 2, maana idadi ya vibarua ikipanda, siku zinashuka, na kinachobaki palepale ni jibu la kuzidisha vibarua kwa siku: 6 × 4 = 12 × 2. Mwanafunzi aliyekariri mshazari haulizi kipi kinapanda na kipi kinashuka, anaandika 8 na kupiga mstari chini kwa rula. Wazazi mnaotoa hela ya twisheni, mwambieni mtoto aeleze swali kwa maneno kabla hajashika kalamu. Akishindwa, msiongeze mwezi mwingine kwa mwalimu huyohuyo.