Jeeves wa 1934 atajuaje mambo ya 1938? Ushauri kwa wanaotaka kukusanya Wodehouse

Kuna msomaji kanitumia meseji, dada nimeona picha ya shelfu lako la vitabu vya Wodehouse, yule Mwingereza wa riwaya za kuchekesha, na mimi nataka kuanza kukusanya toleo la kwanza, nianzie wapi na je inalipa. Kama inalipa sijui, sijawahi kuuza hata kimoja. Ila pa kuanzia najua, na bahati nzuri meseji imenikuta niko kwenye furaha yangu.

Nimepata Right Ho, Jeeves ya 1934, ya kampuni ya uchapishaji ya Herbert Jenkins ya London, chapa ya kwanza kabisa. Haina jaketi la karatasi la nje, mgongo umepauka kwa jua, na mtoto wa mtu kachora treni kwa penseli ukurasa wa mwisho, lakini ndo yenyewe. Niliitoa kwenye mnada wa vitu vya marehemu huku Midlands, katikati ya Uingereza, iko kwenye boksi pamoja na vitabu vya mapishi na ramani za barabara, na boksi zima nimeuziwa kwa bei ya chakula cha mchana. Mume wangu akasema sasa na hii tunaiweka wapi. Hajui kitu yule, tuendelee.

Sitaeleza sana Wodehouse ni nani maana ukiwa umefika hapa unamjua, mzee alizaliwa 1881 akafa 1975, kitabu cha kwanza The Pothunters cha 1902, cha mwisho alichokimaliza Aunts Aren't Gentlemen cha 1974, na katikati hapo hakupumzika. Bertie Wooster kijana wa hela asiye na kazi wala akili, na Jeeves mtumishi wake mwenye akili za wote wawili. Basi.

Sasa niwape kisa. Miaka ya nyuma nilienda maonyesho ya vitabu vya zamani, yale ya kwenye ukumbi, kila muuzaji na meza yake. Nikasimama kwenye meza moja ina Wodehouse wengi nikanyoosha mkono. Jamaa akaniambia, mpenzi, hivyo ni vya bei kidogo, vya bei rahisi viko kwenye lile boksi kule chini. Hata sijafungua mdomo! Kavaa glavu zake za mkononi, ananiangalia kama nimekuja kufagia ukumbi. Wazungu waliokuwa pembeni yangu walikuwa wanapekua wanavyotaka na hakuna aliyeambiwa kitu.

Nikachukua kimoja hivyohivyo. Thank You, Jeeves, imeandikwa kwa penseli "toleo la kwanza, 1934" na bei ya kukufanya ukae chini. Mimi siangaliagi bei kwanza, nafungua mbele kule kwenye orodha ya vitabu vingine vya mwandishi huyohuyo. Nashuka na kidole, nashuka, nakuta The Code of the Woosters. Jamani. The Code of the Woosters imetoka 1938! Kitabu cha 1934 kitakitajaje kitabu ambacho hakijaandikwa? Nikamwonyesha, nikamuuliza kwa upole tu, samahani, huyu Jeeves ni mtabiri? Akakiangalia, akakifunga, akakiweka chini ya meza bila kusema samahani wala asante. Na nilipozunguka mara ya pili sikukiona mezani. Inaniuma mpaka leo ile "mpenzi" yake lakini nilitoka pale nimenyoosha shingo.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ndo huo, orodha. Herbert Jenkins walikuwa wakirudia kuchapa vitabu hivi miaka nenda rudi, na matoleo ya bei rahisi mengi hayana mwaka, ndo maana watu wanapigwa. Orodha haisemi uongo. Alafu geuza nyuma ya ukurasa wa jina, ukikuta imeandikwa ni chapa ya tatu au ya nne inayokamilisha nakala elfu kadhaa, rudisha mezani. Au nunua usome, lakini kwa bei ya mtumba. Na ukikuta Autograph Edition usiruke ruke, hayo ni matoleo ya kurudia, haina maana mzee alikaa akakusainia.

Jaketi nalo. Hela yote iko kwenye jaketi, lile karatasi la nje ambalo zamani watu walilitupa. Riwaya mpya ya miaka ya 1930 iliuzwa shilingi 7 na peni 6, kwa hiyo ukikuta kitabu cha toleo la kwanza kimevalishwa jaketi lenye bei ya shilingi 2 na peni 6 ujue hiyo ni ndoa ya mkeka, jaketi limetoka kwa nakala nyingine ya baadaye. Na siku hizi kuna jaketi za kunakili zinang'aa kuliko za kweli, muulize muuzaji waziwazi na akujibu kwa maandishi. Narudia, orodha kwanza, jaketi baadaye.

Kuna ubishi wa Marekani na Uingereza pia, lipi lihesabiwe toleo la kwanza. Wajerumani walimkuta Wodehouse Ufaransa 1940 wakamfunga, Money in the Bank aliiandika kambini, ikatoka Marekani 1942 na Uingereza ikasubiri mpaka 1946. Joy in the Morning vilevile, Marekani 1946, Uingereza 1947. Wengine watakwambia fuata nchi ya mwandishi. Mimi nasema cha kwanza ni kilichotangulia kutoka, kwisha, lakini hela ni yako.

Kama ndo unaanza, usikimbilie vya miaka ya 1920. Anza na vya uzeeni, miaka ya 1960 na 1970, Herbert Jenkins na baadaye Barrie & Jenkins, Much Obliged, Jeeves ya 1971 kwa mfano, vinapatikana na jaketi lake safi kwa bei ya binadamu. Na uvisome! Kuna watu wananunua wanafungia kabatini hawajui hata Aunt Agatha, shangazi yake Bertie, ni nani, wanangoja bei ipande, hao kwangu ni madalali tu, wangenunua viwanja. Mtu aliyesoma hadanganyiki kirahisi maana anajua kipi kilifuata kipi. Someni jamani, msitegemee kuambiwa.

Na wewe unayepanga kuvirudisha nyumbani pwani, mimi vya Tanga niliviacha kwa dada mwaka mmoja tu vikatoka madoa ya kahawia na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wakala gundi ya mgongo. Usivifunge kwenye nailoni, unyevu unabaki humohumo. Valisha jaketi plastiki angavu ile ya maktaba, sogeza kabati mbali na ukuta wa nje, na mkaribishe mtu yeyote isipokuwa anayelamba kidole akifungua ukurasa.