Maswali ya Wasomaji: Deraya, Henzirani na Mbao za Kushona

Toleo lililopita lilieleza vikundi vya Ulaya na Marekani vinavyorudia ufundi na mapigano ya karne za 11 hadi 15: wanafua, wanashona, wanapigana kwa silaha butu mbele ya watazamaji. Barua zilizofuata zimetoka kwa watu wanaotaka kujaribu wenyewe, na hizo ndizo tunazozijibu.

Assalamu alaikum. Tu vijana sita wa Mkomani, Lamu. Tunasuka deraya, vazi la kujikinga vitani, ya pete za chuma ili tuigize pambano mbele ya ngome. Tumefika kifuani, lakini fimbo ikigusa kidogo tu pete zinafunguka. Tumekosea wapi?

Wa alaikumu salaam. Pete zenu zimekutana ncha kwa ncha tu, hakuna kinachozishika. Deraya za vita za Ulaya zilipigwa ribiti: ncha mbili hupandana, hubapwa kwa nyundo, hutobolewa, kisha kijisumari hupitishwa na kugongwa kichwa. Waya unaobapwa hivyo lazima kwanza uchomwe hadi uwe mwekundu na uachwe upoe polepole, la sivyo ncha hupasuka kwenye tundu. Kama waya wenu ni wa kupakwa zinki, msiuchome kabisa. Moshi wa zinki unaleta homa na kifua kubana.

Kwa onyesho lisilo na mapigo mazito, ncha kwa ncha yatosha, mradi vipimo viwe sawa. Tumieni waya wa milimita 1.6, mkiuzungusha kwenye nondo ya milimita 8. Mkikuza pete bila kuongeza unene wa waya, pete hulegea, na tunadhani hapo ndipo mlipoteleza. Kila pete ipite ndani ya nyingine nne. Mkato nao una lawama yake: koleo la kukatia huacha ncha yenye mteremko, na pete haifungi vizuri. Msumeno mwembamba huacha ncha iliyonyooka.

Fanyeni hesabu kabla ya kuendelea. Vazi la kufika nyongani lenye mikono mifupi hula pete kama 20,000, yaani mita 600 za waya na zaidi kidogo, na uzito wake ni karibu kilo 9 na nusu. Bila mkanda kiunoni, uzito wote unakaa mabegani. Ndani vaeni koti lililoshonwa kwa tabaka 15 hadi 20 za kitambaa cha marekani, maana pete huzuia makali, hazizuii kishindo. Kwa joto la Lamu, dakika 10 za pambano zatosha, kisha kivuli na maji. Chumvi ya hewa itakula chuma kisichopakwa kitu ndani ya siku chache: kisugueni kwa mchanga mkavu, kipakeni mafuta ya mashine, kihifadhini ndani ya nyumba, mbali na upepo wa bahari.

Jambo moja zaidi, na tunalisema kwa kuwa tunaipenda kazi yenu. Ngome ya Lamu ilimalizika mwaka 1821. Deraya ya karne ya 13 mbele yake itamfundisha mtoto jambo lisilo kweli, isipokuwa mmeandika ubao wa kumweleza.

Sisi wa Shela tunacheza kirumbizi. Je, bakora zetu tunaweza kuzitumia kwa mapigano ya nguvu kamili kama ya hao wageni?

Hapana. Kirumbizi ni mchezo wa ngoma na zumari, wachezaji wawili ndani ya duara. Sifa yake ni kukinga, kuzunguka na kujizuia, na bakora zake ni za kazi hiyo. Mti mgumu ukivunjika kwa pigo zito huacha ncha kama mkuki, na mwanzi hupasuka vibanzi. Ndiyo maana vikundi vya Marekani vilivyotokana na harakati iliyoanza Berkeley, California, mwaka 1966, hupigana kwa fimbo za henzirani, mmea wa kutambaa unaosukiwa viti. Henzirani haikatiki ghafla, hukwanyuka nyuzi polepole, na mpiganaji huona mapema kuwa fimbo imechoka. Unene wake usipungue sentimita 3.2, na muizungushie utepe imara urefu wote.

Kichwani wao huvaa kofia ya chuma cha milimita 1.6 yenye wavu usoni, na tundu la wavu haliruhusu kijiti chenye kipenyo cha sentimita 2.5 kupita. Shingo, viwiko, magoti na mikono hukingwa vilevile. Helmeti ya bodaboda si mbadala: imetengenezwa kwa ajili ya ajali moja, si mapigo 50.

Tuko Malindi. Tukiigiza mapokezi ya Vasco da Gama ya Aprili 1498, mfalme wetu avae nini?

Shajara ya safari ile inasaidia sana. Inasema mfalme alivaa joho la hariri nzito lenye pindo la atilasi ya kijani na kilemba cha thamani. Alikaa chini ya mwavuli wa atilasi nyekundu. Mzee mmoja alimbebea upanga mfupi wenye ala ya fedha, na walikuwapo wapiga tarumbeta mbili za pembe za ndovu zilizochongwa, ndefu kama mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Hizo ni siwa. Mpulizaji akiweka mdomo mwishoni mwa pembe, mmekosea. Deraya hapa hamna haja nayo.

Sisi mafundi wa Matondoni tumezoea misumari. Tukitaka kushona kwa kamba mtepe mdogo, chombo cha kale kisicho na misumari, tuanzie wapi?

Anzieni kwa mbao mbili za mita 1, upana sentimita 20, unene sentimita 2.5, zilizokauka kweli. Mti mbichi husinyaa baada ya kushonwa, na mwanya hufunguka. Randeni kingo hadi mwanga usipite kati yake, kisha tieni vijiti vya kufichika ndani ya kingo ili mbao zisitelezane.

Toboeni kwa keekee, chombo cha fundi cha kutobolea mbao, tundu kila sentimita 5, umbali wa sentimita 3 kutoka ukingoni. Msipange matundu yote kwenye mshipa mmoja wa mti. Yapandisheni na kuyashusha kidogo, vinginevyo ubao hupasuka kama kuni. Juu ya kiungo, upande wa ndani, lazeni fungu la usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, kisha shoneni juu yake. Kamba iwe ya nazi. Katani huoza upesi baharini, na nailoni hunyumbuka.

Kazi inataka watu wawili, mmoja kila upande. Kila uzi ukivutwa, kigingi hupigwa tunduni kuushika hadi wa pili uvutwe. Wanaoanza huchelewa kupiga kigingi, na mvuto wa nyuzi kumi hupotea mara moja. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hufungwa mwishoni kabisa, kwa sababu katika mtepe mbao zilizoshonwa ndizo zinazobeba chombo.

Kisha jaribuni. Zungusheni ukuta mdogo wa udongo juu ya kiungo, mimina maji ya kina cha sentimita 5, acheni siku nzima. Mwanzoni yatavuja, kisha mti utavimba na kupunguza. Kesho yake yakiwa bado yanatiririka, angalieni vigingi kabla ya kulaumu kamba.