Kupanda vilima vya Harriman majani yanapopukutika

Ukikaa New York huhitaji gari kufika Harriman, hifadhi ya msitu iliyo kaskazini mwa jiji. Panda treni Penn Station, badilisha Secaucus, shuka Tuxedo. Njia inaanzia karibu na kituo. Majani hupendeza zaidi kuanzia katikati ya Oktoba.

Panga safari kwa kuanzia na treni ya kurudi, maana wikendi treni ni chache na ukiikosa utangoja sana kwenye baridi. Mwishoni mwa Oktoba jua huzama kabla kidogo ya saa 12 jioni. Novemba, saa zikisharudishwa nyuma, huzama kabla ya saa 11. Chini ya miti giza hutangulia, kwa hiyo tochi ya kichwani ni lazima. Beba lita 2 za maji na sweta kavu. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani: zikilowa jasho, ukisimama tu unatetemeka.

Kinachopoteza watu msimu huu ni majani yenyewe. Yakishafunika ardhi, msitu mzima unaonekana kama njia. Usiangalie chini, fuata alama zilizopakwa kwenye miti. Njia ya Ramapo-Dunderberg ina nukta nyekundu juu ya nyeupe, Tuxedo-Mt. Ivy, inayochepuka humo, ina mstari mwekundu juu ya nyeupe. Kwa mbali zinafanana kabisa, basi kila njiapanda simama usome. Alama mbili, ya juu ikiwa imesogea kulia, maana yake kata kulia. Ukienda dakika 3 bila kuona alama, rudi kwenye ya mwisho uliyoiona, usikate pori.

Kwa anayeanza, panda kwa nukta, chepuka kwa mstari hadi pango la Claudius Smith, jambazi aliyenyongwa 1779, kisha shika njia ya Blue Disc mpaka ukutane tena na nukta zikurudishe Tuxedo. Mandhari ya juu ya pango yanastahili jasho lote.

Kuteremka ndiko kunakotegua vifundo: majani ya mwaloni yaliyolowa huteleza juu ya mwamba, na chini yake mawe yanacheza. Piga hatua fupi.

Kupe waliokomaa bado wako kazini hata Novemba, na huambukiza ugonjwa wa Lyme, unaosababishwa na bakteria. Chomeka suruali ndani ya soksi. Ukifika nyumbani kagua nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na kwenye nywele. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumsokota. Usimpake mafuta wala kumchoma.