Mwanangu, kuhusu lile swali lako la matumaini

Mwanangu Zawadi,

Sisi huku Kigoma hatujambo, wasiwasi ni juu yenu huko Dar es Salaam, wewe na mkwe wangu. Sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa sokoni, sikushika vizuri. Ya pili nilikaa kitandani peke yangu. Ya tatu nilimsikilizisha baba yako, akainuka akatoka nje bila kusema neno. Ulisema: "Mama, kila ukipiga simu unaulizia mjukuu. Hebu niambie kweli, kwa dunia hii ya vita, joto, mafuriko na kazi zinazokwisha, una matumaini gani mpaka unataka nilete mtoto?"

Nimeona nisikujibu kwa sauti. Swali kama hili linataka mtu akae chini na kalamu.

Kwanza nikuombe radhi. Nilikuwa nakuulizia mjukuu kama ninavyoulizia bei ya mchele. Sikujua kwamba kila nikikata simu unabaki na mzigo huo.

Na hofu yako si ya bure. Nilifundisha jiografia miaka 29 kabla sijaingia kwenye dagaa, na miaka yote hiyo nilifundisha jambo moja moja: wiki hii tabianchi, wiki ijayo biashara, muhula mwingine idadi ya watu. Kwenye daftari kila moja lilikuwa na ukurasa wake. Mitaani yanakuja kwa msafara, moja limelivuta jingine.

Unakumbuka 2022? Februari Urusi iliivamia Ukraine, na hizo ni nchi mbili zinazoongoza kwa kuuza mafuta ya alizeti duniani. Aprili 28 Indonesia nayo ikazuia mawese yake kuuzwa nje, ikafungua tena Mei 23. Sisi wakati huo zaidi ya nusu ya mafuta ya kula tuliyaagiza kutoka nje ya nchi. Basi mama muuza chapati pale Mwanga, ambaye hana ndugu Ukraine wala Indonesia, akapunguza chapati zake zikawa kama kiganja cha mtoto. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Kigoma ndiyo nyumbani kwa mchikichi. Michikichi ya bibi yako kule Simbo iko palepale, ni ile aina ya zamani iitwayo dura, kokwa nene, nyama kidogo, mafuta machache. Tuliiacha izeeke kwa sababu mafuta yanayoletwa na meli yalikuwa rahisi. Tulipoanza kuhimizwa mwaka 2018 kupanda tenera, aina ya kisasa yenye mafuta mengi, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kikaanza kuzalisha miche, wengi tulisema ni maneno ya viongozi. Baba yako alipanda 40. Sasa ndiyo anakata mikungu.

Lakini ninachotaka kukueleza hasa ni habari ya ziwa letu la Tanganyika, kwa sababu humo nimeiona hofu yako kwa macho, na humo nimepata jibu langu.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal, ila samaki wanaishi juu juu tu. Ukishuka kufika mita 200 hakuna tena oksijeni. Rutuba ya miaka na miaka imelala huko chini. Upepo wa kusi ukianza kuvuma mwezi wa tano, unayasukuma maji ya juu, ya chini yanapanda na rutuba yake, mwani unaota, vijidudu wanakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa, na sisi tunakula wote. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba maji ya juu yamezidi joto. Maji ya moto ni mepesi, yanakaa juu ya ya baridi kama mawese yanavyokaa juu ya mchuzi, na upepo uleule hauwezi tena kuyakoroga kama zamani. Kundi moja lilikadiria kwamba uotaji wa mwani umepungua kwa karibu asilimia 20, na kwamba samaki huenda wamepungua kwa asilimia 30.

Joto hilo halikutoka hapa mwaloni kwetu Kibirizi. Mitumbwi yetu yote na majiko yetu yote ya kuni hayatoshi kulipasha ziwa hili. Limetoka kwa viwanda na magari ya watu ambao hawajawahi kusikia neno mgebuka. Ila nyavu za macho madogo ni zetu. Makokoro yanayozoa mpaka vifaranga ni yetu pia, tusisingizie watu. Kisha ziwa likapanda. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo, na mvua zilipozidi miaka ile maji yalikuja juu. Vichanja vyetu vya kuanikia vilizama. Nilisimama nikaona vichwa vya nguzo tu, kama watu wanaooga.

Ndipo ukafika 2024. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zikakubaliana kusimamisha uvuvi ziwa lipumzike, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15.

Nilikasirika, mwanangu, sikukuambia wakati ule. Nilikuwa na deni la kikoba na gunia tatu tu za dagaa ndani. Nilisimama mkutanoni nikasema mbele ya watu kwamba Watanzania tutalala njaa huku wa nchi nyingine wakivua usiku kwa raha zao. Baba yako alinivuta kanga nikae. Sikukaa.

Giza la kwanza likaja mwanzoni mwa Juni. Unajua giza letu lilivyo: mwezi usipokuwepo ndiyo kazi yenyewe, taa zinajaa majini mpaka mgeni anadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Usiku ule tulishuka ufukweni akina mama sita, tumejifunika vitenge, tumekwenda kupeleleza. Tulitaka kuziona taa za wezi ili kesho yake tukapige kelele ofisini. Tukatazama. Hakuna kitu. Ziwa lilikuwa jeusi, tunasikia mawimbi tu yakigonga mitumbwi iliyopanguswa na kugeuzwa mchangani. Tulikaa mpaka umande ukatulowanisha. Mwenzetu mmoja, yule anayeuza uji karibu na forodha, akasema polepole: "Basi nao wamelala njaa kama sisi."

Hakuna aliyemjibu. Tulirudi nyumbani kimya.

Zawadi, ziwa hili lina urefu wa kilomita kama 670. Hakuna doria inayoweza kulilinda lote usiku. Mvuvi wa Uvira kule Kongo au wa Mpulungu kule Zambia hanijui, ana watoto kama mimi, ana deni kama mimi, na angeweza kutoka na taa yake nisijue kamwe. Usiku ule hakutoka. Mwezi wa saba tuliona taa mbili upande wa kaskazini, ndiyo, sitakuficha. Lakini nilizoea kuona mamia, sikuweza kuziita mbili hizo ushahidi kwamba makubaliano yamekufa. Nilikuwa nimesimama mkutanoni nikaapa kwamba hakuna atakayeshika neno, na watu walilishika. Ulipouliza nina matumaini gani, niliona ule weusi wa ziwa.

Agosti tulipofungua, dagaa wa kwanza nilionunua walikuwa wanene, wamejaa. Nilipowatandaza kwenye kichanja vidole vilibaki vinang'aa magamba, kitu ambacho sikukiona kwa misimu mingi. Sikuambii kwamba ziwa limepona. Miezi mitatu haiondoi joto la miaka mingi. Nakuambia nilichoshika.

Na kuna yanayoniudhi mpaka leo. Mkataba wa nchi hizi nne kuhusu ziwa ulitiwa saini huko huko kwenu Dar es Salaam, Juni 12, 2003, mwaka uleule watafiti waliposema maji yamepata joto. Imechukua miaka 21 kufika usiku ule wa Juni. Mtoto aliyezaliwa siku ya saini alikuwa mvuvi kamili siku ziwa lilipofungwa. Tena tuliahidiwa mikopo ya kutuvusha, na hapa kwetu walioipata ni wa kuhesabu. Kikoba nilikilipa Desemba, nikiwa nimeuza cherehani ya mama yangu. Nitalisema popote: ukimwambia mtu asivue, mpe cha kupikia, la sivyo umemfundisha kuiba.

Kwa hiyo hata hilo la akili mnemba, ya kwamba imeanza kuandika ripoti ulizokuwa ukiandika wewe, mimi nalitazama kwa jicho hilo la ziwa. Nani anaitwa mezani tarehe zikiwa bado hazijapangwa? Sisi wa dagaa tuliitwa zikiwa zimepangwa. Ninyi wenye shule msikubali kuitwa mwishoni. Unganeni sasa, kabla hamjabaki kila mtu na deni lake.

Jambo jingine dogo. Oktoba 2025 Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipofariki akiwa na miaka 91, redio ilizungumza sana juu ya sokwe wa Gombe. Mimi nilikumbuka vilima vya nje ya hifadhi. Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka vilivyokuwa vyekundu, vimenyolewa kabisa, mvua ikinyesha udongo unateremka ziwani kama chai ya maziwa. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE, watu wa mradi wakaanza kukaa na wanakijiji, wakapanga nao matumizi ya ardhi. Nilikwenda huko kwa mtumbwi na shangazi yako. Mzee mmoja alituonyesha mti mnene kuliko mapaja yangu, akasema huo hakuupanda mtu. Ni kisiki kilichokuwa kikikatwa kila mwaka. Walipokubaliana kutokikata, kikachipua chenyewe, maana mizizi ilikuwa hai muda wote huo chini ya udongo uliokuwa mwekundu. Niliweka mkono kwenye gome lake. Chini kabisa bado kovu za panga zinaonekana.

Mtoto ni wenu, wewe na mwenzio. Mkisema ndiyo, nitakuja Dar es Salaam na treni, nitakaa miezi mitatu, nitakukanda kwa maji ya moto kama mama alivyonikanda mimi. Mkisema bado, au mkisema hapana, nitakuja vilevile kukusalimu, na sitauliza. Baba yako naye nimeshamwambia. Siku ile alipotoka nje baada ya kuisikia sauti yako, alirudi ndani usiku akasema kitu kimoja tu, kwamba wewe ulizaliwa mwaka ambao alikuwa hana kazi, na kwamba alikuwa na hofu hiyohiyo, ila hakuwa na mtu wa kumuuliza. Mpigie. Hatasema mwenyewe, ila anasubiri.

Kuhusu nyumba ya Kibirizi, wajomba zako wanasema tuiuze kabla ziwa halijarudi. Mimi sijaamua. Tumesogeza jiko nyuma, na vichanja tumevijenga upya na vijana wa mwaloni, nguzo ndefu zaidi. Kabla ya kuchimba mashimo tulitafuta kwenye ukuta wa ghala alama ya mahali maji yalipofikia, tukapima kutoka hapo kwenda juu.

Nimempa kondakta wa basi dumu la mawese ya baba yako na kilo tano za dagaa. Yatafika Alhamisi, ukayachukue mwenyewe, usimtume mtu wa bodaboda. Dagaa usihangaike kuwachambua, hawana mchanga hata chembe. Wamekaukia juu, kwenye kichanja kipya.

Mama yako.